Mcheza Kwao Hutunzwa Nini?

Zima hiyo televisheni, Semisi, na simu yako iweke juu ya friji mpaka nimalize, maana nimewangoja wiki nzima muwe pamoja chini ya paa moja, na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kugawana na matangazo ya magari. Pesalili, acha sufuria, magimbi hayatakimbia. Vaisima, mjukuu wangu, kaa hapa miguuni pangu, na ukiona nasinzia nifinye.

Sikieni, watoto wa kaka yangu. Sikuwazaa, lakini baba yenu Maka alipoanguka akafa kule kwenye kiwanda cha nyama, na mama yenu akarudi kisiwani kwetu Vava'u akaolewa na mwingine, ni mimi niliyewafuta kamasi, na kwa mila yetu shangazi akisema neno, watoto wa nduguye hulipokea hata likiwakwama kooni. Basi lipokeeni. Ile mashine ya kusafisha damu nimeikataa, sababu nimeshawaeleza na sirudii. Leo sisemi juu ya kufa kwangu. Hayo nimekwisha kuyapanga. Nasema juu yenu, kwa sababu mmenichosha. Mmenichosha nyote wawili, naomba mlielewe hilo kabla ya mengine yote, msije mkatoka hapa kila mmoja akidhani ni mwenzake aliyekuwa akisemwa.

Huyu binti yako, Semisi, alikuja hapa kitandani juzi akalia mpaka shuka ikalowa. Amepata nafasi chuoni ya kusomea ngoma na uchoraji, kama alivyosoma shangazi yake Pesalili. Nikamuuliza, "Sasa unalia nini, umekubaliwa au umekataliwa?" Akasema, "Nimekubaliwa, Bibi. Baba ndiye amekataa." Hilo halikunishtua. Nikamwambia, "Mwendee shangazi yako, neno lake ni kubwa kuliko la baba yako." Akajifuta pua. "Nimeshamwendea, Bibi. Kaniambia nikasome uuguzi. Kasema, nitazame mimi vizuri, halafu ndiyo ukachague."

Hapo damu ilinipanda, hata hiyo chafu iliyobaki. Tangu utoto wenu hamjawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi, leo mnakuja kukubaliana kumfungia mtoto mlango! Basi tupime, maana ni kupima mnakokupenda. Tupime ile shahada ya Pesalili mbele ya macho yangu, kila mtu aweke chake mezani, na asiwepo wa kuegemeza kidole kwenye mizani.

Naanza na wewe, Semisi. Siku Pesalili alipokubaliwa chuo uliita kikao sebuleni hapa, ukavaa tai, ukatupangia mishahara kama muuza nyanya anavyopanga mafungu, muuguzi hapa, fundi umeme hapa, mwalimu pale, na mwenye shahada ya sanaa pembeni kabisa, fungu bovu. Ukasema, "Shangazi, huku ni kununua fahali ukitegemea maziwa. Atarukaruka na kupaka rangi, akitoka hapo ni deni la serikali mpaka mvi zimwote." Nami sikubisha. Ningebishaje? Nimefagia ofisi za watu mjini maisha yangu yote, na meza za wenye pesa nazijua kwa vumbi lake. Sikumbuki kufuta hata moja ya mcheza ngoma. Nilisema neno moja tu: "Aende." Kisha nikaitoa ngatu ya mama yangu, kile kitambaa cha magome alichokigonga yeye na wanawake wenzake mpaka viganja vikaota sugu, kirefu kuliko uwanja wa mbele wa nyumba hii, nikakipeleka kwa mkopeshaji wa Ōtāhuhu kiwe rehani ya chakula na nauli ya Pesalili. Sikuweza kukikomboa. Kikaenda.

Hujanisamehe hilo, na hukulificha. Ulilisema kwenye msiba wa mjomba wenu, wageni wakisikia: "Shangazi kauza urithi kanunua karatasi." Nilinyamaza, msiba si mahali pa kupigiana kelele, lakini leo najibu mimi, nawe unyamaze. Ngatu ile ilikuwa nini, Semisi, kama si uchoraji? Bibi yako alikuwa akiinama siku kutwa na kibuyu cha rangi, anachora, anafuta, anachora tena, na hakutokea mwanamume wa kumwambia aamke akatafute kazi. Kwa vitambaa vyake watu walioana, wakazikwa, wakapatana waliokuwa wamechukuliana mapanga. Na yule mkopeshaji, ambaye hajui hata jina la kijiji chetu, alikipapasa mara moja akahesabu dola bila kuuliza swali la pili. Mjukuu wa bibi huyo akifanya kazi ya namna ileile, wewe unaiita kurukaruka. Kwa hiyo sanaa ni mali ikiwa imefanywa na marehemu?

Usinijibu. Sijafika mbali, na koo linakauka. Maji, Vaisima. Kidogo tu.

Sasa, ile siku ya harambee ya paa la ukumbi wa kanisa. Nilikuwepo, mlinibeba na kiti changu, mkanikalisha mbele. Pesalili alikuwa amefundisha vijana majira yote ya baridi, pale kwenye gereji yetu, mvua ikipiga mabati mpaka hesabu ya ngoma haisikiki. Mavazi ameshona yeye, maneno ya wimbo ametunga yeye, na kule anakopanga sinia za chakula cha abiria wa ndege amekosa zamu nyingi hata msimamizi akamwonya. Vijana wakatoka wamepakwa mafuta wanang'aa, Vaisima yuko mbele, na nyinyi mnajua ilivyokuwa. Wazee waliokuja na fimbo walisimama bila fimbo. Watu wakaanza kutunza, noti zikawa zinabandikwa mabegani, mikononi, mgongoni, mpaka mtoto huyu akawa kama ukuta uliobandikwa matangazo, na wengine wanarusha tu sakafuni kwa kuwa hapakuwa na ngozi iliyobaki. Akina mama wakapita na mabeseni wakakusanya. Paa likaezekwa kwa jioni ile moja. Moja, Semisi, wewe ndiye mweka hazina wa kanisa, kama nasema uongo nikatize.

Haya.

Waswahili wana msemo wao, mcheza kwao hutunzwa. Yule baharia wa Mombasa aliyepanga nyumba yetu ya nyuma alinifundisha, nikaupenda. Nilimwambia na kwetu ni hivyohivyo. Nilimdanganya yule mtu wa watu. Kwetu mcheza kwao huchunwa. Noti zilibanduliwa kabla jasho halijakauka, na waliocheza wakarudi nyumbani na mafuta yao. Kutoa kwa ajili ya kanisa silaumu, nami nimetoa. Ninacholaumu ni kilichofuata. Ulishika kipaza sauti, ukamshukuru mwenye hema, ambaye alilipwa. Ukamshukuru fundi bomba, ambaye alilipwa. Ukamshukuru mchinja nguruwe, naye alilipwa na kichwa akachukua. Mwishoni ukasema, "Na dada yangu naye, jamani, tumpigie makofi, leo shahada yake imepata kazi!" Watu wakacheka. Binti yako amesimama pale na noti bado zimemganda shingoni, anamtazama shangazi yake anachekwa.

Dada yako, Semisi! Wewe ambaye kwa mila hata kumtania faraghani huruhusiwi, ulimfanya kichekesho mbele ya waumini kwa kipaza sauti kilichonunuliwa kwa jasho lake!

Ngoja nipumue.

Na kuna jingine, hili hulijui, na mkeo ataniwia radhi. Kiwanda chenu cha uchapaji kilipofungwa, ile kazi ya uhakika, kazi ya tai uliyokuwa ukitupigia mfano kila Krismasi, ilikufa asubuhi moja kabla ya chai. Ukawa unaondoka na gari kila siku kama mtu anayekwenda kazini, kumbe unaegesha kule ufukweni unatazama ndege zikitua, mpaka mkeo alipoona mafuta hayapungui kama zamani. Nani alilipa benki majira yale? Unadhani ni akiba ya kikundi cha akina mama? Kikundi gani cha akina mama kina akiba ya kulipa nyumba ya mtu? Pesalili alikuwa amepewa kazi ya kuchora ukuta wa zahanati, na shule mbili zilimwita afundishe watoto ngoma, na malipo yote, yote, alimkabidhi mkeo jikoni, akatuapisha tusiseme ili usione haya. Umeishi ndani ya ile shahada, mwanangu. Umelala chini ya paa lake ukiitukana. Kama shukrani ya punda ni mateke, punda wewe umepiga hadi mlango wa zizi.

Mwacheni alie. Machozi ya mtu mzima hayaui. Nawe Pesalili usiniangalie kwa uso huo wa ushindi, kwa sababu nakugeukia wewe, na wewe ndiye uliyeniudhi zaidi.

Ndiyo, wewe. Semisi ni mjinga kwa kuwa hakujua. Wewe unajua kila kitu na bado umenyamaza. Umewahi lini kumtajia mtu bei? Wanakuja hapo mlangoni, "Pesalili mpenzi, mwanangu anaolewa, tusaidie kangoma kadogo tu," nawe unajibu, "Haya, tutaona." Tutaona si bei! Jirani yetu Fusi alikuja na vitambaa vya mavazi ya kwaya nzima umshonee, akakuuliza waziwazi nikisikia, "Nikupe nini, shoga?" Ukamwambia, "Chochote, Fusi." Akakuletea katoni ya mapaja ya kuku yaliyoganda. Ukasaga meno mwezi mzima, ukawa humsalimii Fusi, ukala kuku umenuna. Fusi ana kosa gani? Alikuuliza!

Nilikwambia zamani, mwanangu, jinadi. Ukanijibu kwa kiburi, "Shangazi, chema chajiuza." Si kweli. Hata samaki aliyevuliwa asubuhi ana mtu wa kumpigia kelele sokoni. Chema kisicho na bei hakijiuzi, huokotwa. Wewe uliona kutaja pesa ni kujishusha, kana kwamba uliyesoma chuo hupaswi kushika mkia wa samaki, halafu ukangoja watu wakuhurumie wenyewe. Watu hawafanyi hivyo, wakiwa ndugu ndiyo kabisa. Na walimu wako, hata wangekuwa na akili kiasi gani, walikufundisha kunyoosha mguu na kuchanganya rangi na kusimama kwenye mwanga. Hawakupata hata mchana mmoja wa kukufundisha kusema, "Ni kiasi hiki, nusu kabla"?

Kisha siku ile ulipochekwa ukarudi nyumbani, ukavua mkeka wako wa kiunoni, vazi letu la heshima, ukaukunja, kesho yake ukagawa cherehani, ukamwaga rangi nyuma ya ua pale ambapo mpaka leo nyasi ni za buluu. Sikukusemesha. Niliona ni haki yako kuudhika. Lakini kuudhika ni kwako, hukupewa umrithishe mtoto. Vaisima hakukuuliza kama unaumia. Alikuuliza kama aende. Ukamjibu kwa kidonda, si kwa kichwa, na hilo shangazi halimfai. Mimi nikiondoka, wewe ndiye shangazi katika nyumba hii. Kwenye harusi yake wewe ndiye utakayekaa juu ya mikeka, kwenye mazishi wewe ndiye utakayepewa cha kwanza, na neno lako litampinda baba yake asipende. Sasa neno kubwa hivyo utalisema kwa sababu ulinyimwa makofi?

Nifunike miguu, mtu mmoja. Baridi inaingia kutoka chini.

Vaisima. Wewe sikukuita ukae kama pambo. Nikwambie ukweli, maana hawa wawili wamekwambia hasira. Shahada ile haijamtajirisha shangazi yako na sijui kama itakutajirisha wewe. Mtu akikuahidi kwamba itakulipa, huyo ana kitu anauza. Mkopo wa serikali unamkata mshahara hadi leo. Baba yako hesabu zake si za uongo. Kosa lake ni kupima gunia moja akasema amepima shamba. Hakuhesabu paa la ukumbi, wala benki iliyolipwa, wala wale watoto wa shule waliokuwa wakipigana uwanjani sasa wakija hapa kumtafuta "Mwalimu". Lakini hivyo navyo havinunui mkate siku ya Alhamisi, na mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo ukienda, jua kwamba wenzako wa uuguzi watanunua magari wewe ukiwa unapanda basi na ngoma mapajani. Jifunze mikataba mapema kama unavyojifunza hatua. Na usione haya kufanya kazi nyingine pembeni; mimi nilifagia, sikufa. Na ukichagua uuguzi, uchague kwa kuwa unaupenda, usiende kujificha huko. Wauguzi walionifaa hospitalini si wale waliokuwa wamejificha.

Usiniambie umechagua nini. Sitakuwepo kukulipia wala kula matunda yake.

Sasa mali. Nyumba hii naiacha kwenu wawili, Semisi na Pesalili, na haiuzwi mpaka Vaisima amalize masomo yake, hata akija mnunuzi na gunia la dola. Kodi ya nyumba ndogo ya nyuma ni ya masomo hayo, yoyote atakayochagua, na wewe Semisi utaikusanya kwa kuwa mikono yako kwenye pesa ni safi, hilo nalikiri. Gereji ni ya Pesalili peke yake. Anayetaka kufundishwa humo alipe, awe mchungaji, awe binamu, awe malaika. Mikeka yangu mizuri Pesalili ataigawa. Fusi nina mkeka wake mmoja niliuazima kwa ajili ya harusi, ule wenye sufu nyekundu pembeni. Mrudishieni, na wewe Pesalili ndiye utakayeupeleka, ukamsalimie.

Mimi nizikeni hapahapa Māngere. Msinipeleke Vava'u. Nauli ya maiti ni ya kijinga, na waliokuwa wakinijua kule wamekwisha kufa, nitakwenda kumwona nani? Msikope kwa ajili ya kulisha watu. Atakayesema mazishi yamekuwa makavu mwambieni alete nguruwe wake. Kwaya iimbe... kwaya iimbe taratibu, wasivute sana, yule wa sauti ya kwanza huwa anavuta mno.

Shikilia bega langu, Vaisima. Hapo.

Semisi, shuka kwenye kiti. Keti sakafuni, chini ya dada yako. Mwambie... Hapana, si mimi, mimi hukunikosea hilo. Mwambie yeye. Kwa sauti. Ile ya kipaza sauti unayo.

Haya. Nimesikia, naye kasikia. Inatosha, usizidishe.

Najua pia mchungaji amekutuma. Mnataka ngoma ya jubilei, watu wanakuja hadi kutoka Sydney, na wewe umekuwa ukizungukazunguka jikoni wiki hii yote hujui uanzie wapi. Nilikuona. Mgonjwa haoni kwingine, anaona jikoni. Utamwomba hapa mbele yangu, lakini niwabariki kwanza, nisije nikapitiwa.

Mungu aliyewavusha babu zenu bahari ile kubwa na vyombo vidogo awashike. Semisi, upate kuona kabla hujacheka. Pesalili... moyo wako ulainike, na shingo yako iwe ngumu pale panapostahili. Vaisima, miguu yako isikosee njia, hata ikikosea iwe kwa ujasiri. Msinyimane chumvi. Msinyimane sauti. Na nyumba hii... nyumba hii isikose watu wa kuigombania wakiwa wanapendana.

Sasa muulize, Semisi. Si "tusaidie". Muulize kama unavyomuuliza fundi bomba.

"Dada, bei yako ngapi?" Vizuri. Umeona, haikukuua.

Pesalili, jibu. Usitazame dirishani. Na usiniambie... usiniambie tutaona.

Sikusikia, mwanangu. Masikio yamejaa upepo. Sogea.

Ngapi?

Na mavazi yamo humo?... Na vijana wote wale, na jioni zote hizo?

Ndogo hiyo. Ongeza... Usimwonee huruma kaka yako, siku hizi ana kazi tena.

Ongeza, mwanangu. Bado nasikia.